Kuku Hawali Sinia Moja

Mama mkwe wangu ni mzaliwa wa Singida, na mtu wa Singida hafundishwi kuku. Kule kuku ni akiba ya nyumba, ni ada ya mtoto, ni heshima ya mgeni. Wanaosafiri barabara ya Singida wanawajua kuku hao vizuri kwa sababu husafiri nao, kwenye matenga, hadi Dodoma na Dar es Salaam. Basi alipokuja kwetu Kibaha kuona wajukuu, akafungua mlango wa stoo kutafuta ungo, akakuta magunia yamepangwa hadi dirishani, alidhani tumefungua duka.

“Ya kuku, mama,” baba watoto akamwambia kwa fahari.

“Ya kuku,” akarudia. Akayahesabu kwa kidole. “Na ya watu yako wapi?”

Mchele ulikuwa jikoni, kwenye ndoo, umebaki chini ya nusu. Hatukuugusia.

Hoja yake ilikuwa na mashiko. Kuku wa kienyeji anayezurura hutaga dazani moja hivi, anaatamia, analea, anapumzika, kisha anaanza upya. Mwaka ukiisha mayai yake hayafiki robo ya yale ya kuku wa kisasa, ambaye akitunzwa vizuri hukaribia mayai 300 katika mwaka wake wa kwanza wa kutaga. Lakini wa kienyeji hamgharimu mtu. Anakula panzi, mchwa, majani, punje zilizodondoka wakati wa kupepeta, na siku akikosa, anasitisha kutaga bila kuomba radhi. Huyu wetu amefungiwa ndani. Hawezi kwenda kutafuta kilichopungua. Anapewa gramu 110 hadi 120 kwa siku, na humo ndani ya gramu hizo lazima kiwemo kila kitu, kuanzia nguvu ya kusimama hadi ganda la yai la kesho. Kuku mia humaliza gunia la kilo 50 kwa siku nne na kidogo. Wafugaji hupenda kusema chakula hubeba asilimia 60 hadi 70 ya gharama zote. Inayobaki, kwa hesabu zangu mimi, ni kugombana kuhusu hicho chakula.

Hata hivyo gharama haikumuudhi mama sana. Kilichomuudhi ni ubaguzi.

Katika ukoo wa mume wangu watu hula sinia moja. Mkubwa, mdogo, mgeni, fundi aliyekuja kuziba bomba, wote mkono mmoja. Sasa mama anaonyeshwa magunia matatu na kuambiwa kwamba hili ni la vifaranga, hili la mitetea, hili la wanaotaga, na kwamba ni mwiko kuchanganya. Baba watoto, ambaye ni mhasibu na hawezi kueleza jambo bila safu na mistari, akachukua chaki akachora jedwali mlangoni pa stoo. Kifaranga anajenga nyama na manyoya, kwa hiyo stata yake ina protini ya asilimia 18 hadi 20, wakati mwingine zaidi. Akifika wiki ya nane hivi anahamia growa na protini inashushwa hadi 15 au 16, makusudi, asinenepe akakimbilia kutaga kabla mwili haujakomaa. Akianza kutaga ndipo anapoingia kwenye leyazi, protini 16 au 17, pamoja na chokaa. Na hapo kwenye chokaa ndipo penye mambo: stata ina kalsiamu ya asilimia 1 hivi, leyazi ina karibu asilimia 4.

Mama alisoma jedwali lote. Alisoma hadi jumla, maana mume wangu alikuwa ameweka jumla ingawa hapakuwa na kitu cha kujumlisha.

“Kwa hiyo watoto mnawanyima chokaa, mama zao mnawapa.”

“Mama, chokaa nyingi inamuumiza kifaranga.”

“Na yule?”

Alikuwa anamwonyesha jogoo. Alikuja naye mwenyewe kutoka Singida, zawadi kwa mkwewe, amefungwa miguu na kuwekwa chini ya kiti cha basi, naye jogoo akawika njiani usiku kucha hadi kondakta akatishia kumkatia tiketi. Kuku wa mayai hawahitaji jogoo ili watage, lakini zawadi ya mama mkwe hairudishwi. Tulimtia bandani na wakubwa.

“Jogoo hatagi,” mama akaendelea. “Chokaa yote hiyo anaipeleka wapi?”

Baba watoto alitazama jedwali lake. Halikuwa na safu ya jogoo.

Niseme hapa kwamba swali lile ni zuri kuliko mengi niliyoyasikia kwenye semina za ufugaji. Chokaa ya jogoo huenda kwenye figo, zinazopata kazi ya kuitoa nje, na wafugaji wanaohitaji mayai ya kutotolesha huwahangaikia majogoo kwa chakula chao pekee. Sisi tulikuwa na mmoja tu, mwenye kifua na dharau, na kwa hali aliyokuwa nayo nadhani figo zake zilikuwa za Singida pia.

Gunia la chakula lina kikaratasi kilichoshonewa mdomoni, kinachosema ni cha kuku wa rika gani na kimetengenezwa lini. Ni karatasi muhimu mno. Pia ni kavu, nyembamba, na inashika moto haraka, kwa hiyo kila gunia lilipofunguliwa dada wa kazi aliikata pamoja na uzi na kuwashia jiko la mkaa. Ili kuepuka utata, mhasibu alinunua mapipa ya plastiki yenye mifuniko ya rangi. Nyekundu leyazi, kijani stata, bluu growa. Akatuita wote tukakariri. Mpango ulikuwa safi, na ungedumu kama nyumba hii isingekuwa na watoto.

Mfuniko wa pipa, kwa mtoto wa kiume wa miaka saba, si mfuniko. Ni usukani. Jumamosi moja mabasi matatu yalitoka uani kwetu kwenda mikoani, yakapishana kwa honi, yakapata ajali, yakasimamishwa na trafiki ambaye alikuwa dada yao mdogo mwenye filimbi, na jioni kila dereva akaegesha usukani wake kwenye pipa lililokuwa karibu. Dada wa kazi ni mtu wa utii. Aliambiwa nyekundu ni ya wakubwa na kijani ni ya watoto, na kwa rangi hizo alihudumia mabanda yote mawili kwa uaminifu mkubwa.

Siku za kwanza hakuna aliyegundua. Kuku wakubwa waliifurahia stata. Ni laini, ina harufu nzuri. Kisha aliyeleta habari akawa kaka wa chipsi pale barabarani, mteja wetu wa trei kila asubuhi. Alikuja na yai kiganjani, analibonyeza kwa kidole gumba, nalo linabonyea na kurudi.

“Mama, hili nilivunje au nilipulize? Ni puto.”

Lilikuwa na kiini, lilikuwa na ute, lilikuwa na utando wake vizuri kabisa. Ganda ndilo halikuwepo. Kwa muuza chipsi mayai hilo ni tatizo la kikazi, kwa sababu mkono wake umezoea kugonga yai ukingoni mwa kikaango bila kutazama, na asubuhi ile aligonga, yai likadunda, likaanguka kwenye ndoo ya viazi.

Mambo yanayotendeka ndani ya kuku ni haya. Ganda la yai ni kalsiamu kaboneti karibu lote, na ganda moja hubeba kalsiamu ya gramu 2 hivi. Kuku hulitengeneza kwa muda wa saa 20 hivi, nyingi zikiwa za usiku, wakati amelala na hali chochote. Kama alichokula mchana hakitoshi, anakopa kwenye mifupa yake mwenyewe. Anakopa leo, anakopa kesho, na mifupa nayo ina kikomo. Ganda linakuwa jembamba, linaanza kupasuka mikononi, halafu linabaki jina. Kuku haachi kutaga mara moja; anaendelea kutoa alichonacho, na mwenye banda mwenye macho angeweza kuuona upungufu kwenye mayai kabla haujamfikia kuku miguuni, akashindwa kusimama.

Mtaani kwetu, lakini, yai lisilo na ganda halihitaji maelezo ya kalsiamu. Kabla ya saa sita mchana tulikuwa na washauri. Jirani wa kushoto, mwenye huruma, alisema kuna mtu ana kijicho na banda letu, tena alimtaja, tena alikuwa ni jirani wa kulia. Jirani wa kulia alisema kuku wana upweke, wanahitaji jogoo. Tukamwonyesha jogoo. Akamchunguza juu hadi chini, akasema basi huyu ndiye tatizo, wa bara huyu, joto la Pwani halimfai. Kijana wa bodaboda, ambaye hajawahi kufuga hata njiwa, akashauri pilipili kichaa kwenye chakula: “Inawachangamsha mishipa.” Kwa kuwa pilipili haidhuru, tukawawekea. Ndege hawausikii ukali wa pilipili hata chembe. Maumbile yao yamewanyima kile kinachotuchoma sisi. Kuku walizila zote kwa utulivu. Aliyechangamka ni dada wa kazi, aliyejifuta jicho kabla ya kunawa.

Upande wa vifaranga nako maranda yalianza kulowana. Walikuwa wanakunywa maji kupita kawaida, na kinyesi chao kilikuwa maji matupu. Baba watoto alishuku koksidia akaenda mbio dukani kuulizia dawa. Mama mkwe hakwenda popote. Aliingia stoo, akafunua pipa lenye mfuniko wa kijani, akatia kidole, akakilamba.

Nilitaka kumzuia. Chakula cha kuku si cha kulambwa na mtu wa umri wake. Lakini alikuwa ameshaanza kutafuna taratibu kwa meno ya mbele, macho ameyafumba nusu.

“Hiki cha mama zao,” akasema. “Kina mawe.”

Akaenda pipa jekundu, akalamba. “Na hiki cha watoto.” Akajifuta kidole kwenye kanga. Chembe za chokaa zilizomo kwenye leyazi husikika menoni. Yeye alizisikia bila jedwali, bila rangi, na bila kutufanya tujisikie wajinga zaidi ya ilivyolazimu. Baba watoto aliporudi na dawa, alikuta mifuniko imewekwa mahali pake na mama yake amekaa kibarazani anachagua mchicha. Hakuulizwa bei ya dawa.

Figo za kifaranga hazikuumbwa kuchuja chokaa kiasi kile. Zikizidiwa hujaa ungaunga mweupe unaoganda, na ikifika hapo hakuna kichupa kinachorudisha hali. Tuliwahi. Wachache walibaki wadogo kuliko wenzao, wengine walisimama vizuri kwa stata yao na maji safi. Kwa wakubwa, mama alisimamia mwenyewe. Aliagiza magamba ya kome kutoka Bagamoyo kwa dereva wa daladala anayemfahamu kwa namna ambayo hatukuelezwa, akakusanya maganda ya mayai ya jikoni, akayakausha kwenye sufuria motoni, akayatwanga. Baba watoto alitaka yatwangwe yawe unga laini kabisa, kwa sababu alidhani unga humeng’enywa vizuri. Mama alikataa. Magamba aliyaacha chembechembe. Na hapa sayansi iko upande wake: unga hupita haraka, chembe hukaa kwenye firigisi, zikayeyuka polepole usiku, saa zilezile ambazo ganda linajengwa. Maganda ya mayai pekee ndiyo aliyaponda hadi yasitambulike, kuku asije akagundua kwamba yai lina ladha.

Ungedhani baada ya hapo tungeliacha suala la chakula mikononi mwa watengenezaji. Mhasibu akafanya hesabu. Akagundua kwamba akinunua malighafi na kuchanganya mwenyewe ataokoa fedha kwa kila gunia, na akakikokotoa kila kitu kwenye kompyuta hadi nukta mbili za desimali: pumba za mahindi, mahindi yaliyobarazwa, mashudu ya alizeti, soya iliyokaangwa, dagaa, chokaa, mifupa iliyosagwa, chumvi, na ile premiksi ya vitamini na madini inayowekwa kidogo sana kwenye gunia zima. Karatasi ilikuwa nzuri mno. Niliibandika kwenye friji.

Kuku, kwa bahati mbaya, hawali karatasi. Dagaa wa Mwanza ni protini ya daraja la kwanza kama ni dagaa. Wakiwa wameanikwa mchangani, nusu ya ulichonunua ni ufukwe wa Ziwa Victoria, na kwenye kompyuta mchanga haukuwa na safu. Mashudu ya alizeti yalitoka Singida, maana mama aliwapigia simu nyumbani na yakaletwa kwa basi, na alikuwa anajivuna nayo. Lakini alizeti ikikamuliwa na maganda yake, mashudu yanakuwa na nyuzinyuzi tele, na kifaranga hawezi kujaza tumbo kwa ufagio. Soya nayo lazima ipite motoni kwanza, la sivyo ina kitu kinachozuia protini isimeng’enywe. Pumba tulizouziwa kwa bei ya kutupa zilikuwa na harufu ya uvundo, na hapo mimi niliweka mguu chini. Mama alisema kuku hachagui. Ni kweli hachagui, ndiyo maana inabidi tumchagulie: ukungu wa mahindi huleta sumukuvu, isiyoondoka kwa kuanika wala kuchemsha, na ambayo huharibu ini la kifaranga kabla ya la mkubwa. Pumba zile zilirudi zilikotoka. Muuzaji alitushangaa sana. Alisema wateja wengine wote hawana pua.

Siku ya kuchanganya turubai lilitandikwa uani. Premiksi, ambayo inatakiwa kwanza ichanganywe na pumba kidogo, kisha na nyingi zaidi, hadi isambae, ilimwagwa na kijana wa chepe sehemu moja kwa ukarimu. Nadhani kuku kama watatu walipata vitamini za mwaka. Upepo ukaanza. Vumbi la dagaa likapanda, likaingia ndani, likakaa kwenye mapazia na kwenye suti ya bluu ya baba watoto iliyokuwa imeanikwa tayari kwa Jumapili. Paka wa mtaa mzima walikuja wakakaa ukutani kwa mstari. Kesho yake kanisani tulipata benchi zima peke yetu.

Lakini hayo yangesahaulika kama si kimanda. Zamu ya jumuiya ilikuwa kwetu, na kwa kuwa tuna mayai, wageni walipikiwa mayai. Mwenyekiti wa jumuiya, mtu mpole sana, alichukua tonge la kwanza, akatafuna, akameza, akanywa chai, akafikiri.

“Mama watoto, Mungu akubariki. Hiki ni kimanda au ni kauzu?”

Dagaa wakizidi kwenye chakula cha kuku, harufu yao huhamia kwenye yai. Hakuna kitunguu kinachoificha. Wageni walikula kwa adabu, kila mmoja akisema ameshiba mapema, na mzee mmoja tu ndiye aliyeongeza, akasifu kwamba hajawahi kula samaki laini vile. Kaka wa chipsi kwa wiki nzima alinunua kwa jirani wa kulia, ambaye sasa alikuwa na maoni mengi kuhusu kijicho.

Tukarudi kwenye magunia ya dukani. Na hapo ndipo yakaanza malalamiko ya kiini.

Mteja wa mayai hapa kwetu hana haja na protini wala kalsiamu. Anavunja yai, anatazama rangi. Kiini kikiwa cheupe-cheupe anakunja uso, anasema haya ni ya kisasa, hayana afya. Kikiwa cha njano iliyokolea anasema naam, haya ndiyo ya kienyeji, na analipa zaidi hata kama ametagiwa na kuku yuleyule. Rangi ile hutoka kwenye majani mabichi na mahindi ya njano, na sisi huku tunalima na kula mahindi meupe, kwa hiyo kuku anayekula mahindi meupe hutoa kiini cheupe, na lishe yake haijapungua kitu. Nilijaribu kumweleza hivyo mama mmoja aliyekuja kununua trei kwa ajili ya mjukuu wake. Alinisikiliza hadi mwisho kwa huruma, kisha akaomba yale ya njano.

Suluhisho lilikuwa mahindi ya njano, na hapo nikapambana na siasa. Watu wa umri wa mama mkwe wanayakumbuka vizuri mahindi ya njano, yale ya msaada, ya miaka ya foleni, ambayo unga wake uliitwa unga wa Yanga. Mama aliposikia tunataka kuyanunua kwa hiari yetu, tena kwa fedha, aliomba nirudie nilichosema. Mwanawe naye ni Simba wa damu. Alisema hawezi kulisha banda lake rangi ya watani, akaulizia kama hakuna njia nyingine yoyote ya kitaalamu. Ipo. Mafungu ya mchicha, matembele na majani ya mlenda yakafungwa kwa kamba yakaning’inizwa bandani, usawa wa shingo, kuku wakawa wanayarukia na kuyadonoa mchana kutwa. Ilisaidia mambo mawili: viini vilikolea, na wakaacha kudonoana mikia, mchezo waliouanza tangu zile siku za chakula chetu wenyewe. Tahadhari ni moja, majani yasizidi, maana kuku akijaza gole kwa mchicha anakosa nafasi ya leyazi na mayai yanapungua. Baba watoto hakuwahi kukubali hadharani kwamba kijani nacho ni rangi ya Yanga. Sikumkumbusha, nina ndoa ya kutunza.

Wakati huo wote vifaranga walikuwa wanakua, na swali jipya likaja polepole, ambalo kila mfugaji hukutana nalo: lini watoke kwenye growa waingie leyazi? Ukiwahi, unawajaza chokaa figo kabla hawana pa kuipeleka. Ukichelewa, wanaanza kutaga kwa mkopo wa mifupa, na huo tulishauona unavyolipwa. Kwa kawaida ni wiki ya 18 hadi 20, au pale mayai ya kwanza yanapoanza kuonekana, na mabadiliko yafanywe kidogo kidogo kwa wiki moja hivi, ukichanganya cha zamani na kipya, maana kuku akibadilishiwa chakula ghafla hugoma. Kwa hiyo siku moja tulikwenda dukani sote, mimi, baba watoto na mama, na mwenye duka akauliza swali rahisi kabisa.

“Kuku wenu wana wiki ngapi?”

“Kumi na saba,” akasema mhasibu.

“Kumi na tisa,” nikasema mimi, maana vifaranga walifika wakati shule zinafungwa.

Lipo daftari ambamo chanjo zote ziliandikwa tangu siku ya kwanza, ya kideri, ya gumboro, ya ndui, kila moja na tarehe yake. Tulimpigia dada wa kazi alitafute. Alilipata. Upande mmoja lilikuwa limefanyiwa hesabu za kuzidisha za darasa la pili, na upande wa chanjo ulikuwa umekatwa kuwa tiketi za basi. Dereva aliulizwa kwa simu, akasema tiketi zilikwisha kutumika hadi Mwanza na abiria wameshuka nazo.

Mwenye duka akasema hawezi kukisia kuku asiyemwona. Mama akamwambia aache kukisia, yeye ameshawapima asubuhi. Alipowagusa mgongoni, wengine walikimbia. Lakini wengi walichutama chini na kutanua mabawa, na panga zao kichwani zimeiva nyekundu. Mtetea akichutama hivyo hana wiki nyingi. “Nipe mifuko miwili ya growa na mmoja wa leyazi,” akasema. “Wiki ijayo tutageuza, mmoja wa growa, miwili ya leyazi.” Mwenye duka alimtazama, akaniangalia mimi, akaanza kupakia bila kuuliza zaidi. Alipomaliza akauliza kama tunahitaji risiti.

“Tunahitaji,” akasema baba watoto. “Na andika tarehe kubwa. Na juu yake andika: wana wiki kumi na nane.”

“Nani kasema kumi na nane?”

“Ni wastani,” akasema mhasibu, akatoa pochi.